Redio mpya ya gari, sauti mbovu: tafuta chanzo kabla ya kununua spika

Umetoa redio iliyokuja na gari, umefunga mpya, kioo kinawaka vizuri, lakini sauti inakuvunja moyo. Inakwaruza, au inapiga mluzi, au upande mmoja umekufa, au hakuna kitu kabisa. Wengi wakifika hapo hukimbilia kununua: kwanza spika, kisha amplifaya, mwisho redio nyingine. Nakusihi usinunue chochote bado. Katika magari niliyoyafungua dashibodi kwa malalamiko ya namna hii, mara nyingi redio ilikuwa nzima na spika zilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa kwenye kiungo cha waya, kwenye athi (njia ya kurudisha umeme kupitia mwili wa chuma wa gari), au kwenye mpangilio uliojificha ndani ya menyu.

Sauti mbovu hujieleza. Mluzi unaopanda ukikanyaga mafuta una chanzo chake, mkwaruzo unaokuja kwenye besi tu una chake, na spika inayonyamaza mlango ukifunguliwa nayo inakuonyesha kidole mahali pa kutazama. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na masikio, bisibisi inafuata baadaye.

Vifaa

Tafuta multimita, hata ile ya bei ya chini kabisa itatosha. Ongeza tochi, bisibisi, koleo la kukatia na kumenyea waya, tepu ya umeme, kipande cha msasa, betri ndogo ya tochi ya volti 1.5, na waya wa ziada wenye urefu wa mita 3 hivi. Kama unaweza kupata spika moja ndogo unayojua kwa hakika ni nzima, iweke karibu. Spika hiyo ya majaribio, ukiibana moja kwa moja nyuma ya redio, itajibu kwa dakika moja swali ambalo ungelihangaikia mchana kutwa: kosa liko kwenye redio, au liko mbele yake?

Kabla ya kugusa waya wowote zima gari, toa ufunguo, kisha fungua kichwa cha hasi cha betri. Kama redio au gari lina namba ya siri inayodaiwa umeme ukikatika, hakikisha unayo kwanza. Kwenye magari yenye eabegi, subiri dakika kadhaa baada ya kufungua betri, na usipime wala kuchokonoa plagi za eabegi, ambazo mara nyingi huwa za manjano. Umeme utaurudisha pale tu kipimo kinapouhitaji.

Hatua ya 1: Sikiliza, kisha andika

Kaa kwenye kiti, weka ufunguo kwenye nafasi ya kuwasha redio bila kuwasha injini, na cheza wimbo unaoujua vizuri. Jibu maswali haya kwa maandishi, kwa sababu baada ya saa moja ya kulala chini ya dashibodi kumbukumbu huchanganyika.

Je, tatizo liko kwenye kila chanzo cha muziki? Likiwa kwenye FM peke yake, shughulika na antena. Likiwa kwenye Bluetooth peke yake, anza na simu. Likiwa kila mahali, basi liko kwenye redio yenyewe, nyaya, amplifaya au spika.

Je, lipo injini ikiwa imezimwa? Kelele inayozaliwa injini inapowaka ni jambo la umeme wa gari na athi. Kelele iliyopo hata injini ikiwa kimya ni jambo jingine.

Je, iko kwenye spika ipi? Hapa tumia balansi (kushoto na kulia) na feda (mbele na nyuma) za redio. Peleka sauti yote kona ya mbele kushoto, sikiliza. Kisha mbele kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia. Usiruke kona hata moja. Spika mbovu moja inaweza kuchafua gari zima ukadhani zote nne zimekufa.

Hatua ya 2: Rudisha menyu kwenye hali ya kawaida

Hatua hii watu huiruka kwa sababu haina kufungua kitu, na mimi naiona ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Ingia kwenye mipangilio ya sauti. Weka ekwalaiza (vidhibiti vya besi na sauti za juu) yote kwenye sifuri, zima vikuza besi vya kila jina, balansi na feda ziwe katikati. Kisha tafuta vichujio. Kichujio cha kupitisha sauti za juu, kwa spika za milangoni, kwa kawaida huwekwa kwenye hezi 80 hivi au huzimwa kabisa. Ukikikuta kwenye hezi 200, hiyo ndiyo sababu muziki wako hauna kifua, yaani besi.

Baadhi ya redio zina modi mbili za kufanyia kazi: ya kawaida, na ile inayogawa sauti kwa twita (spika ndogo za sauti za juu), spika za kati na sabufa (spika ya besi), kila tundu la kutolea sauti likipewa mgao wake. Ukifunga spika za kawaida kwenye redio iliyowekwa modi ya mgawanyo, mbele zitatoka sauti nyembamba tupu. Hakuna waya utakaorekebisha hilo. Rudisha modi, mara nyingine kwa kiswichi kidogo kilicho kwenye mwili wa redio, mara nyingine kwenye menyu inayoonekana tu redio ikiwa imezimwa.

Kwa Bluetooth, pandisha sauti ya simu karibu na mwisho, halafu ongoza kwa kirungu cha sauti cha redio. Simu ikiwa chini na redio juu, unachokikuza ni mchuuzo wa chini kwa chini, yaani ule msss usiokoma.

Hatua ya 3: Ukimya mtupu

Kama redio haiwaki kabisa, safari ni fupi. Angalia fyuzi ndogo nyuma ya redio, ambayo mara nyingi ni ya ampea 10 au 15, na ile ya kwenye kisanduku cha fyuzi cha gari. Iliyoungua ibadilishe kwa yenye ampea zilezile, kamwe si kubwa zaidi, kwa sababu fyuzi kubwa huacha waya uungue badala yake. Kisha pima. Kwenye nyaya za redio nyingi za kununua, njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni umeme unaokuja na ufunguo, nyeusi ni athi. Kati ya njano na nyeusi upate volti 12 na ushee muda wote. Kati ya nyekundu na nyeusi upate hizohizo ufunguo ukiwa umefunguliwa tu. Rangi hizi ni za redio. Rangi za upande wa gari ni habari nyingine kabisa, kila kampuni ina zake, kwa hiyo usiunganishe rangi kwa rangi bila kupima.

Kama redio inasahau stesheni na saa kila ukizima gari, njano na nyekundu zimebadilishana nafasi, au njano haipati umeme wa kudumu. Kuna magari ambayo plagi yake ya kiwandani imezipanga kinyume na redio za kununua, ndiyo sababu adapta nyingi huja na viungo viwili vya kubadilishana katikati ya waya.

Sasa ile hali inayosumbua zaidi: redio inawaka, muda unasogea kwenye kioo, lakini hakuna sauti popote. Nina washukiwa watatu, na nawafuata kwa mpangilio huu.

Wa kwanza ni waya wa kunyamazisha. Redio nyingi zina waya, mara nyingi wa kahawia, ambao ukigusa athi redio hunyamaza ili upokee simu. Ukiachwa uchi nyuma ya dashibodi, ukagusa chuma, redio inatii tu ilivyoamriwa. Niliwahi kukabidhiwa gari ambalo lilikuwa limeshabadilishwa spika mbili kwa sababu ya ukimya wa namna hiyo. Nilipovuta redio nje, sauti ilirudi kabla sijagusa kitu; nilipoirudisha ndani, ikapotea. Ncha ya waya huo ilikuwa inalala juu ya bano la chuma. Sentimita mbili za tepu zilimaliza kazi. Ukiona sauti inakuja na kupotea kulingana na redio ilivyokaa kwenye nafasi yake, anzia hapo.

Wa pili ni amplifaya iliyokuja na gari. Magari mengi yana amplifaya ya kiwandani chini ya kiti au kwenye buti, na hiyo haiamki mpaka ipewe volti 12 kwenye waya wake wa kuamshia. Waya wa redio unaofanya kazi hiyo huwa bluu wenye mstari mweupe. Waya wa bluu mtupu kwa kawaida ni wa antena, na kwenye redio nyingine hupata umeme wakati wa kusikiliza FM tu. Dalili yake ni kwamba redio ina sauti kwenye FM lakini ukienda Bluetooth kila kitu kinazima. Hamishia waya wa amplifaya kwenye bluu yenye mstari mweupe.

Wa tatu ni kujilinda. Waya wa spika ukigusa bodi ya gari, au nyaya mbili za spika moja zikipiga shoti, redio hufunga amplifaya yake ya ndani isiungue. Chomoa plagi yote ya spika, bana spika yako ya majaribio kwenye tundu moja la redio, washa. Sauti ikitoka, redio ni nzima. Rudisha spika za gari moja moja. Ile itakayoizima redio ndiyo yenye shoti.

Hapa kuna kipimo ambacho mafundi wengi hawakitumii, nami nakipenda sana. Redio ikiwa imewashwa, weka multimita kwenye volti za moja kwa moja (DC), mkono mweusi kwenye athi, mkono mwekundu kwenye waya wa chanya wa spika, kisha kwenye waya wa hasi wa spika hiyohiyo. Kwenye redio nyingi za kisasa zote mbili zitaonyesha karibu nusu ya volti ya betri, yaani 6 hivi. Zikiwa sifuri kwenye matundu yote manne, amplifaya ya ndani haijaamka au imejifunga. Kipimo hiki kinakufundisha jambo jingine pia: waya wa hasi wa spika si athi. Una umeme wake. Ukiufunga kwenye bodi ya gari kama walivyofanya watu wa redio za zamani, unaiua redio.

Hatua ya 4: Spika moja imekufa

Badilishanisha kwanza kwa balansi ili ujue kwa hakika ni ipi. Kisha, nyuma ya redio, chomoa plagi na upime omu (ukinzani wa umeme) kati ya nyaya mbili za spika hiyo. Spika ya omu 4 husomeka kati ya 3 na 4 hivi; pungufu kidogo ya jina lake ni kawaida. Multimita ikionyesha hakuna njia, waya umekatika au koili ya spika imeungua. Ikionyesha karibu na sifuri, kuna shoti. Kisha pima kati ya kila waya na bodi ya gari: hapo lazima kusiwe na njia kabisa.

Jaribio la haraka zaidi ni la ile betri ya volti 1.5. Gusisha ncha zake kwenye nyaya mbili za spika kwa kufumba na kufumbua. Spika nzima itatoa mlio mdogo, tuk. Usiifanyie hivyo plagi ikiwa bado iko kwenye redio, na kama gari lina amplifaya ya kiwandani usiguse njia zinazopitia humo.

Kama nyuma ya redio hakuna njia lakini spika yenyewe, ukiipima mlangoni, ni nzima, basi nenda kwenye bawaba. Kati ya mlango na bodi kuna kipira chenye mikunjo kinachopitisha nyaya. Kila mlango ukifunguliwa nyaya hukunjwa, kila ukifungwa hunyooshwa, na baada ya miaka shaba huchoka. Cha kudanganya ni kwamba ganda la waya hubaki zima. Ukilitazama unaona waya mzuri; ukilishika kwa vidole viwili na kulivuta polepole, sehemu moja inanyumbuka kama uzi wa mpira, kwa sababu ndani hakuna tena shaba, kuna unga wa kijani tu. Kata hapo, ongeza kipande kipya chenye urefu wa kutosha ili kiungo kikae nje ya mkunjo, kilehemu au kikaze kwa kiungo cha kubana, kisha kifunge. Kiungo kinachokaa katikati ya mkunjo kitakatika tena.

Hatua ya 5: Sauti ipo lakini haina kifua

Spika zote zinafanya kazi, hakuna mkwaruzo, lakini besi imepotea na mwimbaji anasikika kama yuko nje ya gari. Mara nyingi spika moja imefungwa kinyume, chanya mahali pa hasi. Spika ya kushoto inasukuma hewa mbele wakati ya kulia inaivuta nyuma, na besi zinauana katikati.

Peleka feda yote mbele, cheza wimbo wenye besi nzito, sikiliza balansi ikiwa katikati. Kisha ipeleke yote kushoto. Kama besi imeongezeka ulipoziondoa nusu ya spika, umeshampata. Haiwezekani spika moja ikashinda mbili isipokuwa mbili hizo zinapingana. Rudia kwa za nyuma, halafu linganisha mbele na nyuma.

Ili kujua ni ipi iliyogeuzwa, rudi kwenye betri ya tochi, tena ukiwa umechomoa plagi ya redio. Chanya ya betri kwenye waya unaodhani ni chanya, hasi kwenye hasi. Karatasi ya spika ikiruka nje, uko sawa. Ikizama ndani, umegeuza. Kwenye redio nyingi za kununua nyeupe ni mbele kushoto, kijivu ni mbele kulia, kijani ni nyuma kushoto, zambarau ni nyuma kulia, na waya wa rangi hiyohiyo wenye mstari mweusi ndio hasi yake.

Hatua ya 6: Mkwaruzo na sauti inayopasuka

Ikiwa inapasuka ukipandisha sauti tu, pengine unadai zaidi ya kilichopo. Boksi la redio limeandikwa wati 50 mara 4, na mtu anaamini. Lakini fanya hesabu: redio isiyo na amplifaya ya nje inategemea volti za gari, ambazo injini ikiwaka hazizidi 14.4 hivi. Kwa spika ya omu 4, volti hizo haziwezi kutoa sauti safi inayozidi wati 26, hata kama hakuna kinachopotea njiani. Kiuhalisia utapata 20 hivi kwa kila spika. Ukipita hapo mawimbi yanakatwa vichwa, na huo ndio mkwaruzo unaousikia. Shusha besi kwenye ekwalaiza kwanza, kwa kuwa besi ndizo zinazokula umeme, washa kichujio cha hezi 80 kwa spika za milangoni, na utashangaa sauti inavyopanda zaidi kabla ya kupasuka. Sauti iliyokatwa vichwa huunguza twita, kwa hiyo usiizoee.

Kama kuna amplifaya ya nje, tazama gaini. Gaini si kirungu cha sauti. Kazi yake ni kulinganisha nguvu ya mawimbi ya redio na uwezo wa amplifaya. Iweke chini kabisa, pandisha redio mpaka robo tatu ya sauti yake ekwalaiza ikiwa sifuri, kisha pandisha gaini polepole mpaka usikie ukali wa kwanza, rudi nyuma kidogo, acha hapo. Taa nyekundu ya kujilinda ikiwaka, hesabu omu za spika ulizounga: mbili za omu 4 zikiungwa sambamba zinakuwa 2, na si kila amplifaya inavumilia hivyo, hasa chaneli (njia za sauti) zake mbili zikiwa zimeunganishwa kuwa moja.

Mkwaruzo uliopo hata sauti ikiwa ndogo ni wa spika. Zima kila kitu, toa kifuniko, weka vidole pande mbili za karatasi ya spika na uisukume ndani taratibu na sawasawa. Ikikuna kama mchanga, koili inagusa sumaku, na hiyo spika haina matibabu: ibadilishe. Ikienda laini, bonyeza paneli ya mlango kwa kiganja wakati besi inapiga. Mara nyingi ni klipu ya plastiki iliyovunjika au waya unaopiga chuma, na kipande cha sponji kinatosha.

Hatua ya 7: Mluzi unaopanda na injini

Nimeiweka mbali makusudi, kwa sababu hapa ndipo watu hupoteza siku na fedha nyingi. Unawasha injini, iiii ndogo inaanza. Unakanyaga mafuta, inapanda. Chanzo ni mawimbi ya oltaneta (mashine inayochaji betri injini ikiwaka) yanayopata njia ya kuingia kwenye sauti, na mara nyingi njia hiyo ni athi: redio ina athi sehemu moja, amplifaya sehemu nyingine, na kati ya sehemu hizo kuna tofauti ndogo ya volti. Tofauti hiyo inasafiri kwenye wavu wa chuma unaozunguka kebo ya sauti.

Anza na chaji ya simu. Kama umeunga simu kwa waya wa sauti huku inachaji, chomoa chaji. Mluzi ukikatika, umemaliza: tumia Bluetooth, au kitenganishi cha athi (kifaa kinachopitisha sauti bila kuunganisha athi) kwenye waya huo mmoja.

Bado upo? Shusha sauti ya redio hadi sifuri. Mluzi ukipungua pamoja na sauti, unaingia kabla ya kirungu, yaani kwenye chanzo cha muziki au antena. Ukibaki vilevile, unaingia baada yake: kwenye kebo za sauti au amplifaya.

Kwa wenye amplifaya, zima, chomoa kebo za sauti pale kwenye amplifaya, washa tena. Mluzi ukibaki, usihangaike na redio kabisa. Kosa liko kwenye athi ya amplifaya, umeme wake au nyaya zake za spika. Ukipotea, unga simu isiyochaji moja kwa moja kwenye amplifaya kwa kebo fupi. Sauti ikiwa safi, amplifaya imeondolewa lawama. Sasa tandaza kebo nyingine ya sauti juu ya viti, mbali na nyaya zote, kutoka redio hadi amplifaya. Mluzi ukiisha, kebo yako ya zamani imepita vibaya. Waya mkubwa wa umeme upite upande mmoja wa gari, kebo za sauti upande mwingine, na zikilazimika kukutana zikatishane kwa pembe ya mraba, zisilale pamoja.

Kama hata kebo ya juu ya viti inapiga mluzi, shika ule waya wa ziada: ncha moja iguse chuma cha nje cha plagi ya sauti nyuma ya redio, ncha ya pili iguse mwili wa chuma wa redio. Mluzi ukikatika papo hapo, njia ya athi ya matundu ya sauti ndani ya redio imeungua. Kwenye baadhi ya redio kuna fyuzi ndogo mno kwenye bodi ya saketi ya redio kwa kazi hiyo, na huungua mtu anapochomeka kebo za sauti huku umeme ukiwa umewashwa au redio ikiwa haina athi nzuri. Fundi wa vifaa vya umeme anaweza kuibadilisha. Hii ndiyo sababu nasema kila mara: betri ifunguliwe kwanza.

Sasa athi yenyewe. Redio ikicheza kwa sauti kubwa, injini ikiwaka, weka multimita kwenye volti, mkono mmoja kwenye kichwa cha hasi cha betri, mwingine kwenye mwili wa redio, kisha kwenye tundu la athi la amplifaya. Chini ya volti 0.1 ni nzuri. Ikikaribia 0.5, athi hiyo ni mbovu hata kama imekazwa kwa bolti kubwa. Tafuta chuma cha bodi kilicho karibu, kwangua rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza kwa bolti na washa (kipete cha chuma) yenye meno, kisha paka grisi au rangi juu yake kuzuia kutu. Waya wa athi wa amplifaya uwe mnene sawa na ule wa umeme na usizidi sentimita 50. Usitumie bolti za mikanda ya usalama. Bolti hizo zinashikilia uhai wa mtu.

Ukiwa hapo, geuza multimita kwenye volti za mkondo geu (AC) na upime betri injini ikiwaka. Ikipita 0.5, diodi za oltaneta (vijenzi vinavyonyoosha umeme wake) zina kasoro na hakuna kazi ya redio itakayokunyamazishia mluzi mpaka oltaneta itengenezwe.

Kitenganishi cha athi na kichujio cha waya wa umeme viwe vya mwisho. Vinasaidia, lakini vinafunika ugonjwa, na vitenganishi dhaifu hula besi.

Hatua ya 8: FM haishiki

Sukuma plagi ya antena nyuma ya redio mpaka ikae. Mara nyingi ilirudi nyuma redio ilipoingizwa. Kama antena ya gari ina kikuza mawimbi, waya wa bluu lazima ukipe umeme. Kisha zima kamera ya dashibodi, chaji ya simu na taa za LED kimoja kimoja ukisikiliza; kimojawapo kinaweza kuwa ndicho kinachochafua masafa.

Kurudisha redio mahali pake

Usiisukume kwa nguvu. Nyuma yake nafasi ni ndogo, na viungo ulivyovifunga vizuri ndivyo vitakavyobanwa dhidi ya chuma. Funga ncha zote zisizotumika moja moja, laza nyaya upande wa chini palipo na uwazi, kebo za sauti upande wa pili, kisha ingiza redio taratibu huku ikicheza kwa sauti ndogo. Sauti ikikatika au ikikwaruza katikati ya kuingiza, simama hapohapo na utazame nyuma kwa tochi. Ikiingia yote bila kuyumba, fungua na ufunge kila mlango, washa taa, kipangusa kioo na feni, kisha endesha kwenye barabara yenye mashimo kabla ya kukaza skrubu za mwisho na kurudisha fremu.